Mgeni Njoo, Lakini Njoo na Wachezaji Wako



Pale Buhongwa, hatua chache kutoka zinapogeuzia daladala, upo mti ambao chini yake watu hucheza drafti tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Vizibo vya soda upande huu, vizibo vya bia upande ule, na wasemaji ni wengi kuliko wachezaji. Jumamosi iliyopita nilikwenda kununua gazeti, nikakuta mchezo umesimama na watu wanabishana. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amewaambia kwamba huko Marekani, timu mpya ikiingia ligi kuu inafanyiwa kitu kinachoitwa drafti, na katika drafti hiyo inachukua wachezaji wa timu nyingine bila kuwanunua.

"Drafti hii hii ya vizibo?" mzee mmoja aliuliza, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

"Shikamoo mzee, hebu tuamulie," kijana akaniambia. Mtu akionekana na gazeti kwapani hudhaniwa anajua kila kitu.

Kijana alikuwa amesema kweli. Nikakaa juu ya jiwe nikawaeleza, na nimeona maelezo yale niyalete pia kwako msikilizaji, kwa sababu yanatugusa sisi watu wa Mwanza kuliko yanavyowagusa Wamarekani wenyewe.

Ligi ya Marekani na Kanada, ile inayojulikana kwa herufi MLS, haina kupanda wala kushuka daraja. Timu mpya huingia kwa kununua nafasi. Vancouver Whitecaps, walioanza kucheza ligi hiyo mwaka 2011, walilipa dola milioni 35. San Diego, walioingia mwaka 2025, walilipa dola milioni 500. Sasa mtu akishalipa fedha kama hizo, huwezi kumwacha aingie uwanjani na vijana aliowaokota njiani. Kwa hiyo timu zenyeji hutakiwa kuandika majina ya wachezaji wanaotaka kubaki nao. Mwaka 2010 yalikuwa majina 11 kwa kila timu. Miaka ya karibuni yakawa 12. Vijana waliolelewa na klabu yenyewe hukingwa bila kuhesabiwa humo. Waliobaki nje ya orodha wako wazi, na mgeni huchagua anayemtaka. Mimi nitauita mgawo, ingawa najua neno hilo linawakumbusha wenzangu wa rika langu foleni za sukari.

Usidhani kwamba timu zenyeji hukaa tu zikisubiri siku ifike. Miezi mingi kabla, kocha na mkurugenzi wa ufundi hufungiana chumbani. Nyota hawana ubishi, hao huandikwa dakika ya kwanza. Kazi iko kwenye majina mawili matatu ya mwisho. Je, umwandike beki mwenye miaka 33, ambaye ndiye nahodha na ndiye anayewatuliza vijana, au umwandike kiungo wa miaka 20 ambaye hajaanza mechi hata moja lakini unaona kesho yake? Ligi ile ina kikomo cha mishahara, na hapo ndipo ujanja unapoingia. Mchezaji mwenye mshahara mnono na magoti yaliyochoka huachwa wazi makusudi, kwa matumaini kwamba mgeni atavutiwa na jina lake na kubeba mzigo. Anayemaliza mkataba naye huachwa wazi, maana hata akichaguliwa, kinachochaguliwa ni haki ya kuzungumza naye tu. Portland Timbers yaliwakuta hayo mwaka 2010. Walimchagua Robbie Findley, mshambuliaji aliyekuwa ameichezea Marekani kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka huo huo, naye akaenda zake Uingereza kujiunga na Nottingham Forest.

Mgeni naye hujiandaa. Hutuma wapelelezi wake viwanjani mwaka mzima, huandika makisio ya orodha ya kila timu, hujaribu kukisia nani ataachwa. Lakini wajanja zaidi hawatafuti mchezaji wa kumtumia. Wanatafuta mchezaji ambaye mtu mwingine anamhitaji. Los Angeles FC, mwezi Desemba 2017, waliruhusiwa kuchagua watano. Wawili kati ya hao, Jukka Raitala na Raheem Edwards, waliwapeleka Montreal siku hiyo hiyo, wakampata Laurent Ciman, beki wa timu ya taifa ya Ubelgiji. Atlanta, mwaka 2016, walimchukua kipa wa Toronto aitwaye Clint Irwin, kisha Toronto wakamkomboa kwa kutoa mchezaji mwingine. Ni sawa na mtu kukuta mbuzi wake mnadani na kulazimika kumnunua upya.

Nimetaja majina haya haraka haraka kama mtu anayehesabu magunia, na ndivyo hasa mgawo ulivyo. Chukua kisa cha Dax McCarty. Jumapili ya Novemba 21, 2010, alikuwa na FC Dallas kwenye fainali ya ligi mjini Toronto, wakafungwa na Colorado 2-1. Jumatano iliyofuata, tarehe 24, Portland walimchagua kwenye mgawo, na kabla siku haijaisha walikwisha kumbadilisha na mchezaji wa DC United, Rodney Wallace. Siku tatu, timu tatu. Kwa Portland ulikuwa uamuzi mzuri, maana Wallace huyo ndiye aliyefunga moja ya mabao yao mawili walipotwaa ubingwa mwaka 2015. Lakini mimi bado namfikiria McCarty, na machozi ya fainali hayajamkauka, akiarifiwa kwamba jina lake halikuwa kwenye orodha.

Au Latif Blessing, kijana wa Ghana. Septemba 2017 alifunga bao katika fainali ya Kombe la Marekani, timu yake ya Sporting Kansas City ikatwaa kombe. Desemba akaachwa wazi, Los Angeles FC wakamchukua. Hakuulizwa. Katika ligi ile mchezaji husaini mkataba na ligi yenyewe, si na klabu, ndiyo maana anaweza kuhamishwa kama kizibo pale kwenye ubao wetu. Kumbe yule mzee aliyecheka hakuwa mbali na ukweli.

Na Mtanzania alikuwapo katika mambo haya. Nizar Khalfan, mzaliwa wa Mtwara, aliyepitia Mtibwa Sugar na kwenda Kuwait, alijiunga na Vancouver Whitecaps mwaka 2009 wakati timu hiyo ikiwa bado daraja la chini. Mwaka 2010, ikijiandaa kuingia ligi ya juu, timu yake ikachagua wachezaji kumi kutoka timu za wengine. Watu husifu mgawo kwa jinsi unavyomsaidia mgeni. Hebu fikiri wewe ndiye uliyekuwa ndani ya nyumba ya huyo mgeni kabla ya sherehe, unaona wanaingia watu wapya kumi, kila mmoja amebeba viatu vyake. Nizar alikuwa miongoni mwa wachache waliopanda na timu, akacheza ligi ile mwaka 2011. Vancouver wakamaliza wa mwisho kabisa katika timu 18. Mwisho wa msimu Nizar aliachwa, Philadelphia Union wakamchukua, hakudumu huko, na mwaka 2012 akarejea nyumbani kuvaa jezi ya Yanga.

Lakini Vancouver hawakushuka, maana hakuna pa kushukia. Waliona aibu, wakabadilisha kocha, wakajipanga upya. Shika jambo hilo, msikilizaji, tunaporudi Mwanza.

Mwaka 2018 ligi kuu yetu ilipanuliwa. Msimu wa 2017/18 ulikuwa na timu 16. Msimu uliofuata zikawa 20. Walishuka wawili, Njombe Mji na Majimaji, wakapanda sita: KMC, Coastal Union, JKT Tanzania, Biashara United, African Lyon, na Alliance ya hapa kwetu Mwanza. Mbao FC walikuwa wamo tayari. Tukashangilia. Jiji moja, timu mbili ligi kuu, CCM Kirumba kila wiki kuna mechi! Hesabu, hata hivyo, ilikuwa rahisi kwa mtu yeyote mwenye penseli. Ligi ya timu 16 ina mechi 240, na kila timu inacheza 30. Ligi ya timu 20 ina mechi 380, kila timu 38. Msimu huo ligi ilianza bila mdhamini mkuu. Basi la timu ya Mwanza likitoka hapa mpaka Dar es Salaam limekwenda zaidi ya kilomita 1,100, na Mtwara bado iko mbele. Safari zikaongezeka, mfuko ukabaki ule ule.

Na wachezaji je? Wageni sita waliingia siku moja, wala hakuna timu kongwe iliyoambiwa iandike majina yake na kuwaacha wengine wazi. Kila mgeni alijitafutia mwenyewe dirisha la usajili lilipofunguliwa: waliotemwa Dar es Salaam, wa mkopo kutoka timu kubwa kama wakikubali, na vijana wa mtaani. Alliance angalau walikuwa na shule yao ya soka, wakategemea vijana wao.

Kwetu mgawo upo, tena upo siku zote. Tofauti ni kwamba unakwenda kinyume. Marekani mgeni huchukua kwa mwenyeji. Hapa mwenyeji huchukua kwa mgeni, na mgeni hana orodha ya majina kumi na mawili ya kujikinga.

Mfano ni Mbao. Walipanda mwaka 2016 kwa mlango ambao wenyewe hawakuutarajia, baada ya timu zilizowatangulia katika kundi lao kuadhibiwa kwa upangaji wa matokeo. Hawakuwa na fedha wala jina. Lakini Aprili 2017 waliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, bao 1-0, pale pale Kirumba. Mei wakaifunga Yanga tena katika mechi ya mwisho ya ligi, wakabaki daraja la juu. Wiki moja baadaye walikuwa Dodoma kwenye fainali, wakawabana Simba mpaka muda wa nyongeza, wakafungwa 2-1. Sijaona tena Mwanza kama ilivyokuwa wiki zile. Watu waliokuwa hawajui hata rangi ya jezi ya Mbao walizinunua na kuzivaa kazini.

Kisha dirisha likafunguliwa. Kipa Emmanuel Mseja na beki Jamal Mwambeleko wakaenda Simba. Pius Buswita akagombewa na Simba na Yanga hata ikaonekana amesaini kote kuwili, akafungiwa, mambo yakaja kumalizwa, akacheza Yanga. Mwaka uliofuata Habibu Kiyombo, mfungaji wao, akaenda Singida United. Siwalaumu vijana hawa. Nani angekataa? Mchezaji ana miaka kumi ya kula kwa miguu yake, kumi na miwili akibahatika. Ninachosema ni kwamba kila Mbao walipojenga ukuta, walikuja watu wakang'oa matofali ya katikati.

Mwaka 2020 ligi ilipoanza kupunguzwa kutoka timu 20 kwenda 18, Alliance walishuka moja kwa moja, na Mbao wakashuka baada ya kufungwa na Ihefu kwenye mechi za mchujo. Msimu mmoja, timu zetu mbili zilizokuwa ligi kuu. Gwambina ya Misungwi wakapanda mwaka huo huo, nao wakashuka mwaka 2021 ligi iliposhushwa tena hadi timu 16. Kwa misimu mitatu mkoa wa Mwanza ukawa hauna timu ligi kuu. Sisemi kwamba mgawo wa Kimarekani ungewaokoa. Vancouver waliupata na bado wakashika mkia. Lakini wao walipata muda wa kukosea, na timu zetu hazikupata muda wala wachezaji.

Hapo kijiweni waliniuliza kwa nini basi tusiige. Nikawajibu kwamba tuliwahi kuiga, hapa hapa Buhongwa, nami nilikuwamo.

Wengi wenu mnajua jinsi Buhongwa inavyopanuka, nyumba zinapanda mpaka kwenye mawe. Miaka michache nyuma kulikuwa na timu mbili za chandimu katika eneo letu, na wahamiaji wapya wakaanzisha ya tatu. Walikuwa na vijana wanane, na hawakuwa na kipa. Wazee tukakaa chini ya mti, tukaamua kwamba kila timu ya zamani iandike majina tisa ya kubaki nayo, na katika waliobaki wageni wachague watatu watatu. Tuliona tumetumia hekima kubwa.

Kocha mmoja akaleta orodha ambayo haikuwa na jina la kipa wake hodari, bali la mshambuliaji wa ziada. Akatueleza kwa masikitiko kwamba kipa ameteguka kifundo cha mguu, hatacheza mpaka mwisho wa mashindano. Kweli, mtoto alikuja anachechemea, amefungwa kitambaa. Wageni wakampita. Jumapili iliyofuata kifundo kilikuwa kimepona, na kipa alikuwa anaruka kama nyani. Yule kocha alikuwa amegundua peke yake, bila kufika Marekani, ujanja ambao wenzetu wanaulipia wataalamu.

Hilo nalicheka. Jingine silicheki. Kulikuwa na kijana aliyeichezea moja ya timu zile tangu akiwa hajafikia kiuno changu. Alikuwa wa kawaida, si mbaya wala si nyota, ila hakukosa mazoezi hata siku moja. Jina lake halikuwa kwenye tisa. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Alisikia kwa watoto waliokuwa wakipiga kelele njiani. Alikuja pale mtini, akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jiwe mbele yetu, akaondoka. Wageni walimchagua, lakini hakwenda kwao, na msimu mzima hakugusa mpira. Nami nilikuwa mmoja wa wazee walioketi pale, sikuinuka. Siku hizi ana bodaboda. Ndiye aliyeleta habari za drafti Jumamosi ile.

Kwa hiyo nikisema mgawo wenyewe haufai kuletwa kwetu kama ulivyo, sisemi kwa sababu ya sheria tu, ingawa sheria nayo inakataa. Hapa mkataba ni wa mchezaji na klabu, na mchezaji hahamishwi bila ridhaa yake mwenyewe. Tusilipoteze hilo. Ni jambo jema ambalo Wamarekani hawana.

Lakini yapo tunayoweza kufanya bila kumgeuza mtu kizibo. Ligi ikipanuliwa tena, na itakuja siku watu wataitaka timu 18 au 20, itangazwe mapema, mdhamini awe amekwisha kusaini. Timu kongwe ziwe na wajibu wa kutoa kwa mkopo idadi fulani ya wachezaji ambao hazijawatumia msimu uliopita, wale wanaokubali wenyewe kwenda, na sehemu ya mshahara ilipwe na anayekopesha. Kila msimu wapo vijana wenye mikataba minono ambao wanaijua vizuri rangi ya viti vya jukwaa kuliko rangi ya nyasi. Na iwekwe kinga kwa aliyepanda: kwa msimu wake wa kwanza, timu moja isichukue kwake zaidi ya mchezaji mmoja. Fidia ya malezi ilipwe kabla kijana hajavaa jezi mpya, si baada ya barua tano. Viongozi wa soka watasema ni vigumu kusimamia. Ni vigumu, ndiyo, lakini kupanga ratiba ya mechi 380 hakukuwa kwepesi, na walifanya.

Pamba wamerudi, kama mnavyojua. TP Lindanda, wakiitwa sasa Pamba Jiji, walipanda mwaka 2024 baada ya miaka 23, na nyuma yao ipo Halmashauri ya Jiji. Walianza kwa kusuasua, wakambadilisha kocha Goran Kopunovic na kumleta Fred Felix Minziro mapema msimu huo wa kwanza, wakasalimika. KenGold ya Mbeya, waliopanda nao mwaka ule ule tena wakiwa mabingwa wa daraja la kwanza, walirudi chini baada ya msimu mmoja tu. Wageni wawili walikaribishwa mlango mmoja, na aliyebaki ndani ni yule mwenye mfuko nyuma yake.

Nilipomaliza kueleza, yule mzee aliyecheka mwanzoni alikuwa amenyamaza muda mrefu, kizibo mkononi. Kisha akauliza: "Sasa hao Simba na Yanga wakiambiwa waandike kumi na wawili wa kubaki nao, wa kumi na tatu angekuwa nani?"

Ubishi uliozuka hapo siwezi kuusimulia. Niliondoka saa saba mchana, na mpaka naingia kwenye daladala walikuwa hawajakubaliana hata juu ya makipa.